Uzi: Timgad, mji wa wastaafu wa jeshi la Roma uliokuja kumgomea Kaisari

Mlinda Kumbukumbu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekulia kwenye parokia iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Sakristia ilikuwa na picha ya Mtakatifu Augustino, na kwenye mafundisho tuliambiwa: huyu ni Mwafrika, alipambana na wazushi akawashinda. Hao wazushi walikuwa akina nani, walikaa wapi, waligombea nini, hatukuambiwa. Swali hilo limenikaa rohoni miaka mingi. Baadaye nikaja kujua kwamba walikuwa Waafrika vilevile, kwamba mahali pengi walikuwa ndio wengi, na kwamba magofu ya ngome yao kubwa yapo mpaka leo huko Algeria. Panaitwa Timgad. Nitaleta kwa vipande, mwenye swali aulize katikati.

Mji uko upande wa kaskazini wa milima ya Aurès, kama kilomita 35 mashariki ya Batna. Mwaka 100 Kaisari Trajanus aliagiza ujengwe, kazi ikafanywa na lejioni ya tatu, iitwayo Augusta, chini ya Lucius Munatius Gallus. Jina rasmi lilikuwa refu: Colonia Marciana Ulpia Traiana Thamugadi. Maneno ya mwanzo ni ya Kirumi, yanataja hadhi ya koloni, dada yake Kaisari, na ukoo wa Kaisari mwenyewe. Neno la mwisho ni la wenyeji, Waberberi. Ile tha- ya mwanzoni inafanana na kiambishi cha jinsi ya kike ambacho lugha yao inacho hadi leo. Warumi walikuja na vipimo vyao, mawe yao na jina la dada wa mfalme, lakini midomoni mwa watu likadumu lile la wenyeji. Marciana hakuna anayemtaja. Timgad ni Thamugadi iliyochakaa kwa kutamkwa.

Ukiutazama kutoka juu, mji wa kwanza ni mraba wa takriban mita 355 kila upande, mitaa imekatana kama ubao wa drafti. Viwanja waligawiwa askari waliomaliza utumishi. Serikali ilipata mambo mawili kwa mpigo: wastaafu wana riziki, na njia za kushukia kutoka Aurès zina macho ya watu waliozoea silaha. Baada ya vizazi viwili mraba ukawa mdogo, watu wakajenga nje ya kuta bila kujali mistari. Ukumbi wa michezo ulikaa watu wapatao 3,500. Hamamu zilikuwa 14. Kulikuwa na maktaba ya umma, iliyojengwa kwa wosia wa raia mmoja, Marcus Julius Quintianus Flavius Rogatianus, aliyeacha sesterti 400,000, fedha za Kirumi, kwa ajili hiyo. Sijui kwenu, mimi habari ya mtu kufa na kuwaachia jirani zake maktaba hunigusa kila nikiisoma.

Kwenye uwanja mkuu kuna jiwe lililochongwa ubao wa mchezo, na maneno yake yamepangwa hivi: VENARI LAVARI LUDERE RIDERE OCC EST VIVERE. Kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi. Mchongaji ameandika OCC mahali pa HOC. Aliandika alivyotamka, maana H ilikuwa imeshakufa midomoni mwa watu wa kule, kama kwetu wapo wanaosema "abari za asubui".

Huo ndio mji wa starehe unaoonekana kwenye picha za watalii. Mimi nataka tufike kwenye mji wa pili, uliokua ndani yake.

Kahawa Chungu

Mkuu nimetandika mkeka, siondoki. Swali la haraka: Waberberi ndio Waarabu wa kule?

Mlinda Kumbukumbu

Hapana ndugu yangu. Waarabu walifika karne ya 7. Waberberi ni wenyeji wa Afrika Kaskazini tangu zamani za zamani. Wenyewe hujiita Imazighen, na lugha yao, Kitamazight, imekuwa lugha rasmi ya Algeria tangu 2016. Warumi waliwaita Wanumidia au Wamauri kutegemea mahali. Wa milima ya Aurès leo wanajulikana kama Chaoui, na ndio wanaokaa kuzunguka magofu hayo.

Wala usidhani mjini walikaa Warumi na nje wakakaa Waberberi. Vizazi vikachanganyika. Mwafrika alivaa toga, akaitwa Flavius, akaongoza baraza la mji. Na Mungu Saturnus aliyeabudiwa Timgad kwa mawe mengi ya nadhiri alikuwa, chini ya jina la Kilatini, Baali Hamoni wa zamani wa Afrika.

Mlinda Kumbukumbu

Tuendelee. Ukristo.

Mashahidi wa Scilli waliuawa Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, mwaka 180. Perpetua na Felisita mwaka 203. Askofu wa kwanza wa Timgad anayejulikana kwa jina ni Novatus, na tunamjua kwa sababu mwaka 256 alikaa Karthago kwenye mtaguso wa maaskofu 87 ulioitishwa na Sipriani, askofu wa Karthago. Swali lilikuwa moja: mtu aliyebatizwa na kundi lililojitenga na Kanisa, akirudi, abatizwe tena au asibatizwe? Novatus alisimama akasema abatizwe. Shikeni hilo. Huko nyuma kabisa, miaka hamsini na zaidi kabla ya ugomvi mkubwa, Timgad ilikuwa imeshatoa kauli: ubatizo una mahali pake, na mahali penyewe ni Kanisa safi.

Ndipo ikaja dhuluma ya Kaisari Diocletianus, 303. Amri ilisema makanisa yabomolewe na Maandiko yakabidhiwe yachomwe. Kumbukumbu ya ofisi ya mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine, kaskazini ya Timgad, imebaki. Tarehe 19 Mei 303 maofisa waliingia kwenye nyumba ya Wakristo, na karani akaandika walichokikuta: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, kanzu za kike 82, za kiume 16, jozi 47 za viatu vya kike, jozi 13 za kiume. Nilipoisoma orodha hiyo nilinyamaza kwa muda. Kanzu 82 na jozi 47 za viatu vya akina mama. Lile lilikuwa kanisa lenye ghala la nguo za kuwasitiri maskini, na yote yamehesabiwa na karani siku ya kunyang'anywa.

Viongozi wengine walikabidhi vitabu. Wengine walikataa wakafa. Dhuluma ilipopita, waliosimama wakawatazama waliokabidhi na kuuliza: mikono iliyompa mchomaji Neno la Mungu ndiyo itakayotubatiza? Waliwaita traditores, yaani wakabidhi, na neno hilohilo katika Kilatini lina maana ya wasaliti. Karthago ilipompata askofu mpya, Caecilianus, ikadaiwa mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Abthungi, alikuwa mkabidhi. Maaskofu wa Numidia, jimbo ambamo Timgad ilikuwamo, wakamkataa, wakamweka Majorinus, na baada yake Donatus. Hapo ndipo jina Wadonati lilipotoka. Wao wenyewe walijiita Kanisa tu.

Walimpelekea Kaisari Konstantino malalamiko. Hukumu ya Roma ya 313, iliyosimamiwa na Papa Miltiades, ikawaangusha. Mtaguso wa Arles, 314, ukawaangusha. Mwaka 347 wajumbe wa Kaisari Constans, Paulus na Macarius, walikuja na sadaka mkono mmoja na askari mkono wa pili, na huko Bagai, jirani ya Timgad, damu ikamwagika. Donatus ndiye aliyeuliza swali ambalo halijazeeka: Kaisari ana nini na Kanisa?

Mwanaparokia

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kazi, lakini naona unawapamba. Mimi nimesoma kidogo. Hao Wadonati walikuwa na makundi ya Circumcelliones waliotembea na marungu wakiwapiga watu. Possidius, askofu wa Calama na rafiki wa Augustino, aliviziwa njiani akapigwa. Maximianus wa Bagai alikatwakatwa na kutupwa kutoka mnarani akidhaniwa amekufa. Hayo huyasemi?

Mlinda Kumbukumbu

Nashukuru umeyaleta, maana ni kweli na sitayaficha. Marungu yao waliyaita "Israeli". Na liko jingine lililonishangaza kuliko marungu: muda si mrefu kabla ya ukuhani wa Augustino huko Hippo, askofu Mdonati Faustinus aliwakataza waoka mikate wasiwaokee Wakatoliki. Wakatoliki walikuwa wachache kiasi kwamba amri hiyo ilishika. Augustino mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo. Kwa hiyo usimfikirie Augustino wa wakati ule kama askofu wa Kanisa kubwa anayewafukuza wachache. Aliingia mji ambamo watu wake walikosa hata mkate.

Nisichokubali ni kuambiwa Wadonati walikuwa marungu tu. Habari zao nyingi tumezipokea kutoka kwa waliowashinda. Ukisikiliza kesi upande mmoja utapata hukumu, ila hutapata kesi.

Mlinda Kumbukumbu

Sasa Timgad yenyewe, na mtu wake mkubwa: Optatus, askofu kuanzia 388 hadi 398.

Ili umwelewe Optatus lazima umjue Gildo. Gildo alikuwa mtoto wa Nubel, mkuu wa Waberberi. Ndugu yake Firmus aliasi dhidi ya Roma miaka ya 370 na kuangamia. Gildo aliisaidia Roma dhidi ya ndugu yake, akaja kulipwa kwa cheo cha kamanda wa majeshi yote ya Afrika. Na Afrika ndiyo iliyoilisha Roma ngano. Mtu mwenye askari na ghala la ngano la mji mkuu si mtu mdogo.

Optatus na Gildo wakashikana mkono. Augustino anasema Afrika iliugua miaka kumi chini ya Optatus, na alimpa jina la kumbandika: Optatus wa Gildo. Anamshtaki kwa unyang'anyi, kwa kutembea na askari, kwa kuonea wajane. Kipo kisa kimoja ambacho nakiamini zaidi kwa sababu kina majina na kina aibu kwa pande zote. Miaka ya 392 na 393 Wadonati walipasuka wao kwa wao, kundi likamfuata Maximianus mwingine, shemasi wa Karthago. Optatus akaitumia nguvu yake kuwarudisha maaskofu wawili wa kundi hilo, Felicianus wa Musti na Praetextatus wa Assuras. Walirudi na vyeo vyao, na watu waliobatizwa nao huko nje wakapokelewa bila kubatizwa tena.

Umeona? Kanisa lote la Wadonati lilisimama juu ya jambo moja, kwamba ubatizo wa aliyejitenga si ubatizo. Novatus wa Timgad alilisema 256. Na ni askofu wa Timgad aliyeliweka kando ilipombidi apate umoja. Augustino aliushika mfano huo hakuuachia tena. Na kusema haki, hapo alikuwa na hoja nisiyoweza kuijibu.

Lakini huyohuyo Optatus aliijengea Timgad kanisa kuu, magharibi ya mji, nje ya ule mraba wa wastaafu. Ni kundi zima la majengo: kanisa, nyumba, na chumba cha ubatizo chenye birika lililopambwa kwa mozaiki. Simama pale kwa mawazo. Nyuma yako uko mji wa Trajanus na hekalu la Jupiter, Juno na Minerva. Mbele yako, kando ya barabara, kuna birika ambamo watu wanashuka ngazi wakiamini kwamba maji haya tu, katika Kanisa hili tu, ndiyo yanayosafisha. Mlangoni hawasalimiani kwa Deo gratias, shukrani kwa Mungu, ya Wakatoliki. Kilio chao ni Deo laudes, sifa kwa Mungu, na Augustino anakiri kwamba watu waliogopa sauti hiyo kuliko ngurumo ya simba.

Mwaka 397 Gildo aliizuia ngano. Roma ikamtuma ndugu yake wa damu, Mascezel, ambaye watoto wake wawili Gildo alikuwa amewaua. Mwaka 398 Gildo akashindwa na kufa. Optatus akakamatwa, akafia gerezani. Wadonati wengine wakamheshimu kama shahidi.

Nuru ya Ziwa

Dada yenu nasoma kimya tangu mwanzo. Optatus huyu ndiye aliyeandika kile kitabu dhidi ya Wadonati? Nimechanganyikiwa.

Mlinda Kumbukumbu

Swali zuri dada, wengi hukwama hapo. Yule ni Optatus wa Milevis, Mkatoliki, aliyewaandika Wadonati vibaya miaka ya 360. Wetu ni Optatus wa Thamugadi, Mdonati. Jina lenyewe maana yake "aliyetamaniwa", wazazi wengi wa Afrika waliwapa watoto jina hilo, kama kwetu Tumaini.

Kahawa Chungu

Baada ya Optatus mji ukanyamaza?

Mlinda Kumbukumbu

Haukunyamaza. Ndipo anapoingia Gaudentius, na kwangu huyu ndiye kiini cha uzi huu.

Juni 411 Kaisari Honorius aliagiza pande zote mbili zikutane Karthago mbele ya hakimu mmoja, Marcellinus. Walikuja maaskofu Wakatoliki 286 na Wadonati 284. Kila neno liliandikwa na makarani. Kila upande uliteua wasemaji saba, na Gaudentius wa Timgad alikuwa mmoja wa saba wa Wadonati. Walipoambiwa wakae walikataa, wakitaja zaburi kwamba mwenye haki hakai pamoja na waovu. Mjadala ukaendelea watu wazima, wengine wazee, wakiwa wamesimama. Hukumu ikawa dhidi yao, na 412 sheria ikatoka: faini kwa kila daraja ya watu, makanisa yao yakabidhiwe kwa Wakatoliki.

Miaka michache baadaye, karibu 420, afisa aitwaye Dulcitius alikuja kuitekeleza sheria hiyo huko Timgad. Gaudentius akajifungia na watu wake katika kanisa lile la Optatus. Akamwandikia afisa kwamba hawatoki, na kama watalazimishwa, watakufa humo ndani kwa moto wao wenyewe. Dulcitius alishtuka. Alikuwa mtu wa serikali, hakutaka kuwa muuaji wa mamia ya watu kanisani. Akamwandikia Augustino: nifanye nini?

Jibu la Augustino lipo. Anamwambia asihofu, kwamba ni afadhali wachache waangamie kwa moto wao kuliko wote kuungua motoni milele kwa ajili ya utengano. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta njia ya kulilainisha, maana nampenda Augustino, nimebatizwa katika Kanisa lake. Halilainiki. Mtu aliyeandika kurasa tamu kuliko zote kuhusu rehema aliandika na hiyo.

Mwanaparokia

Hapo nakubaliana nawe inaumiza. Ila kumbuka alimpinga pia Gaudentius kwa sababu kujiua si ushahidi wa imani. Shahidi huuawa, hajiui.

Mlinda Kumbukumbu

Ni kweli, na ndiyo hoja kuu ya vitabu viwili alivyomwandikia Gaudentius. Gaudentius alijibu kitabu cha kwanza, ndipo Augustino akaongeza cha pili. Maana yake barua zilikuwa zikienda na kurudi, Gaudentius alikuwa hai na kalamu yake mkononi, na hakuna mahali Augustino anaposema kanisa limeungua. Kundi lenyewe halikuisha. Karibu mwaka 590 na kuendelea, Papa Gregori Mkuu alikuwa bado anaandika barua za kulalamikia Wadonati wa Numidia.

Nuru ya Ziwa

Umesema umekulia kwa Mapadri Weupe. Je, wao waliyajua haya? Maana walitokea Algeria.

Mlinda Kumbukumbu

Waliyajua vizuri sana dada. Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, aliwaanzisha mwaka 1868 hapohapo Algeria, na kanzu yao nyeupe ilifuata mavazi ya wenyeji. Msafara wa kwanza wa kuja kwetu ulitoka huko 1878, ukapita Zanzibar na Bagamoyo, na mwanzoni mwa 1879 wakawa wamefika Ujiji na Buganda. Lavigerie aliwaza mchana na usiku kufufua Kanisa la kale la Afrika. Mwaka 1884 kiti cha Karthago kikarudishwa na yeye akawa askofu mkuu wake. Ile miaka minne ya ukatekumeni ambayo bibi zetu waliisota kabla ya kubatizwa, aliiweka akitazama desturi ya Kanisa la kale. Walituletea basi Afrika ya Augustino. Afrika ya Gaudentius waliiacha kule.

Kahawa Chungu

Mji uliishaje?

Mlinda Kumbukumbu

Kwa kifupi. Wavandali, kabila la Kijerumani, walivuka bahari 429. Baadaye Waberberi wa Aurès walishuka wakauharibu mji ili jeshi lisipate pa kujificha, hayo ameyaandika Procopius, mwanahistoria wa Bizanti, yaani Roma ya mashariki. Jemadari Solomon wa Bizanti aliukuta mtupu, akajenga ngome mwaka 539 kwa mawe ya mji wenyewe, makaburi na mahekalu yakawa matofali. Miaka ya 640 kanisa jingine dogo likajengwa, na jiwe lake linamtaja mtawala Gregorius, aliyeuawa Sufetula, katika Tunisia ya leo, 647 akipigana na Waarabu. Kisha udongo ukafunika. James Bruce, Mskoti, alipita 1765. Wafaransa walianza kuchimba 1881 na macho yao yalikuwa kwenye Roma zaidi kuliko kwenye makanisa. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 1982.

Nuru ya Ziwa

Na hao Wadonati wenyewe, hawakuacha chochote kwa mkono wao?

Mlinda Kumbukumbu

Waliacha. Zipo simulizi za mashahidi wao. Yupo Tyconius, Mdonati aliyefukuzwa na wenzake, ambaye kanuni zake saba za kusoma Maandiko Augustino mwenyewe alizichukua na kuzifundisha.

Na Timgad, katika nyumba iliyo jirani na lile kanisa kuu la magharibi, wachimbaji walikuta sakafu ya mozaiki yenye maandishi: Haec iubente sacerdote Dei Optato peregi. Nimeyakamilisha haya kwa amri ya Optatus, kuhani wa Mungu. Fundi hakuandika jina lake. Alipanga vijiwe kimoja kimoja, akamwita Optatus kama watu wa Timgad walivyomwita, kabla hajafa gerezani, kabla Augustino hajampa jina la Gildo.

Usiku mwema wakuu. Kesho nitaweka ramani ya mitaa kwa waliouliza faragha.